Kisima Kilichoondolewa kwenye Ramani

Sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kuchuma chai Dindira, kisha nikapasua mbao karibu na Lutindi, kisha nikakodi shamba la mahindi Mazingara, na kila nilipohama nilianza kupakumbuka nilipotoka kabla hata sijafungua begi. Sasa nimevuka arobaini, nina pikipiki, na ninazijua njia nyingi za Handeni ambazo hazina kibao. Ndiyo maana mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliniomba nimzungushe katika utafiti wake wa chuo kikuu.

Alikuwa anataka kujua jambo moja: kiangazi kikikaza, watu na mifugo wa nyika ya Handeni wanapata wapi maji. Tulikwenda kisima baada ya kisima. Kila tulipofika aliuliza maswali yake, akapima kina kwa kamba, halafu akaishika simu juu ya kisima hadi inase mahali tulipo.

Kisima kimoja hakikunitoka kichwani. Kilichimbwa katika mchanga wa mto uliokauka, mbali na vijiji, na kilikuwa cha familia moja ya wafugaji. Vijana walisimama ndani, mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi zilizochongwa ukutani, wakirushiana ndoo kutoka chini hadi juu huku wakiimba. Juu alisimama mama wa makamo akiyamimina maji kwenye birika la udongo na kuamua kundi lipi linywe. Tulimwita yeyo, kama wanavyoitwa akina mama wa kwao. Wimbo ule tuliusikia ukitoka ardhini kabla hatujawaona waimbaji.

Tuliporudi Korogwe kwa muda, mpwa wangu alifungua kompyuta barazani kwangu.

"Mjomba, leo siendi popote mpaka nimalize mpango wa data."

"Data ninazozijua mimi ni za bando."

"Basi kaa ujifunze," alisema akicheka. "Bila mpango huu chuo hakipokei kazi yangu."

Ilikuwa tovuti ya kuandikia mipango kama hiyo. Unaweka jina la utafiti, halafu inakuuliza swali moja moja, na pembeni kuna maelezo ya kukusaidia kujibu. Mwisho inakupa mpango kamili wa namna utakavyozitunza data zako. Alikuwa ananisomea maswali kwa Kiswahili. Kompyuta ikiibwa, nakala iko wapi? Ukimaliza masomo, nani atabaki nazo? Mtu atakayezifungua miaka mingi baadaye atajuaje kila namba ina maana gani?

Niliacha kunywa chai. Maisha yangu yote nimeulizwa maswali na wenye nyumba, na matrafiki, na wasimamizi wa mashamba, na wote walitaka kujua nimetoka wapi. Sikuwahi kukutana na anayeuliza kuhusu mtu ambaye hajazaliwa, kama ataelewa tulichokiandika leo. Mahali fulani, watu nisiowajua walikaa wakamfikiria huyo.

Likaja swali la nani aruhusiwe kuziona data. Mpwa wangu akachagua "kila mtu" bila kusita.

"Mbona haraka hivyo?"

"Mjomba, ni maji tu."

Amekulia Dindira. Huko maji yanashuka mlimani yenyewe, yanapita kwenye mfereji nyuma ya jiko, na mgeni akiuliza yalipo unamwonyesha kwa mdomo huku ukiendelea kumenya viazi. Kumwonyesha mtu maji kwao ni adabu ya kawaida. Hata mimi, kwa miaka niliyoishi kule, sikuona kosa.

Lakini kwa kuwa alichagua "kila mtu", tovuti ikafungua swali jingine chini yake. Akalisoma polepole: je, kuna mtu anayeweza kuumia ikiwa kila mtu ataziona data hizi?

Tulikuwa tunakumbuka kitu kimoja. Siku ile kisimani, yeyo alitusimulia kuhusu jirani yake. Lori lenye tangi lilifika kwenye kisima cha huyo jirani na pampu, likavuta maji kwa ajili ya watu wa ujenzi mpaka likavuta tope. Kuta za mchanga zikaporomoka. Jirani akaondoka na ng'ombe wake na hajarudi. Mpwa wangu aliyarekodi maneno hayo, na katika faili lilelile akaweka alama ya kisima cha yeyo, sahihi kiasi kwamba mgeni kutoka popote angeweza kuja kusimama ukingoni.

Akaondoa mkono kwenye kompyuta kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Mjomba, nikiweka hivi, mwenye tangi yeyote atafika."

"Ifute basi."

"Nikificha kila kitu, utafiti unamsaidia nani? Msimamizi wangu anataka data ziwe wazi."

"Tukamuulize mwenye kisima."

Tulimkuta bomani kwake, akisuka mkanda wa shanga.

"Takwenya," nilimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko. Wewe Mswahili, hiyo pikipiki haijafa tu?"

"Bado, yeyo."

"Ng'ombe wangu akilia hivyo namchinja. Na huyu binti wa milimani amenenepa, au ni koti?"

"Shikamoo mama. Ni koti," mpwa wangu alijibu kwa aibu.

Mtandao kule ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, kwa hiyo tulipanda wote watatu. Mpwa wangu akamwonyesha ramani iliyopigwa picha kutoka angani. Yeyo aliisogeza simu karibu na macho.

"Hiyo duara ya miiba ni boma langu?"

"Ndiyo."

"Nani alipanda huko juu na hakubisha hodi?"

Tulicheka, lakini yeye alikuwa ameshainamia simu. Aligusa duara nyingine, hafifu, ya kijani, mahali ambapo kwa macho ya ardhini hakuna kitu ila majani. Akasema lile ni boma la mama mkwe wake, alimofikia akiwa bibi harusi. Miiba ilishaoza, nyumba zilishaanguka, ila samadi ya ng'ombe wa wakati ule bado inaotesha majani mazuri kuliko pembeni. Nimepita pale mara ngapi na pikipiki yangu! Mimi ninayejidai kukumbuka kila nilipopita, nilikuwa natazama nyumba ya mtu iliyoandikwa kwa majani na sikuiona.

Kisha akaona alama nyekundu kwenye mto. Hakuhitaji kuelezwa.

"Na hii anaiona nani?"

"Kwa sasa sisi tu," mpwa wangu alisema. "Nimekuja kukuuliza aione nani."

Yeyo alishuka kichuguuni, sisi nyuma yake.

"Mtu akitaka maji yangu," alisema, "haji na ng'ombe. Anawaacha mbali, anakuja na fimbo yake tu, anaomba. Nikimkubalia, nampangia zamu. Sijawahi kumnyima anayeomba. Yule wa lori hakuomba."

Mpwa wangu alipanda tena kichuguuni peke yake. Baada ya muda nikasikia anapiga kelele kama aliyeona nyoka.

"Mjomba, ipo! Kati ya 'kila mtu' na 'hakuna mtu', ipo njia ya kuomba ruhusa! Wanauliza aombwe nani, na kwa masharti gani!"

Waliotengeneza tovuti ile hawajawahi kukanyaga mchanga huu, na bado waliacha nafasi ya yule anayekuja na fimbo tu.

"Niandike aombwe msimamizi wangu?" aliuliza.

"Huyo amewahi kushika ndoo hapa?" yeyo akadakia.

"Hapana."

"Basi atatoa ruhusa ya maji ya nani?"

Mpwa wangu akaandika kwamba ombi lije kwake mwenyewe, na asijibu kabla ya kuiuliza familia ya yeyo. Kwenye ramani ya wote akaifuta alama nyekundu, akapaka kata nzima rangi moja. Nilikitafuta kisima nikakikosa, na nafsi yangu ikatulia.

Chuo kiliupokea mpango. Kiangazi kilichofuata ombi la kwanza likaja, kutoka kwa mtafiti wa nchi ya mbali, na nikalipeleka mimi. Yeyo alikuwa kisimani.

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Hana."

"Hata mbuzi?"

"Nadhani hana."

Alitikisa kichwa kwa huruma. "Mpe kina. Mwambie na mwezi ambao maji yanashuka. Mahali, hapana."

Niliendesha hadi kwenye mtandao, nikampigia mpwa wangu, naye akaandika. Jibu lilifika nikiwa bado pale: kina na mwezi vinamtosha, na anamshukuru mama mwenye kisima. Nikarudi kumwambia yeyo. Aliitikia bila kugeuka, kwa sababu ndoo ilikuwa imeshafika mkononi mwake, na mbuzi walikuwa wanasukumana birikani.

Sikuwa na haraka ya kwenda popote siku hiyo. Nilikaa ukingoni nikausikiliza wimbo unaotoka chini ya ardhi mpaka mbuzi wa mwisho akanywa.