Filimbi Shingoni mwa Dada

Dada yangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, na mimi nilikuwa tabibu katika kituo cha afya hapohapo mjini. Alipoanza kubanwa na pumzi, sikufikiri sana. Vumbi la pumba lipo, kifua kinapiga filimbi. Niliandika pumu kwenye kadi yake kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa pampu ya kuvuta dawa.

Pampu haikumsaidia. Nikamwongezea vidonge, akapata nafuu wiki mbili, uso ukamjaa kwa dawa, kisha pumzi ikabana tena. Nikamwambia aache kazi ya mashine. Akaacha, filimbi ikabaki. Tulipima makohozi kutafuta kifua kikuu mara mbili, hatukuona kitu. Picha ya kifua nayo ikatoka safi. Kila jibu safi lilinituliza, na hapo ndipo nilipokosea.

Kilichonishtua ni kwaya. Dada aliimba sauti ya pili kanisani tangu tukiwa wadogo Iringa, na Rujewa pia Walutheri wenzake walimpokea wakamweka mstari wa mbele. Jumapili moja alikatika pumzi katikati ya ubeti, akakaa chini. Alipokohoa, leso ikawa na damu. Mimi hakuniambia, mwanakwaya mwenzake ndiye aliyenifuata kituoni kunieleza.

Nikampeleka Mbeya. Daktari aliyetupokea, mama mmoja mtaratibu, alisoma karatasi zangu zote. Kisha akaweka stetoskopu shingoni mwa dada, akasikiliza muda mrefu, akanipa na mimi. Filimbi ilikuwa pale, kali kuliko kifuani, dada akivuta hewa na akiitoa. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimemsikiliza mgongoni na kifuani. Shingoni sikuwahi kugusa.

Kipimo cha CT kilionyesha. Njia kuu ya hewa, ambayo kwenye picha huwa duara jeusi, ilikuwa imebaki kama mwezi mchanga. Wakampitishia mpira mwembamba wenye kamera, wakachukua kipande kidogo cha nyama cha kupima, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri wiki tatu kwa shangazi yetu, mtaa wa Mwanjelwa hapohapo Mbeya. Shangazi alimpikia uji kila asubuhi, na mimi, msomi wa familia, nilikaa nikiangalia dada anavyopumzika kati ya kijiko na kijiko.

Majibu yalipotoka, daktari alituambia kwamba ni saratani ya nadra, inayokua polepole ndani ya ukuta wa njia ya hewa. Yeye mwenyewe alikuwa ameiona mara moja tu kabla ya hapo. Ilikuwa imetambaa hadi karibu na pale njia inapogawanyika kwenda kwenye mapafu.

"Kwa hiyo sio pumu," dada alisema.

"Sio pumu, mama. Haikuwa pumu tangu mwanzo."

Daktari hakunitazama aliposema hivyo. Nilitamani anitazame.

Madaktari wa upasuaji walisema kipande cha kukata ni kirefu mno, ncha mbili zisingefikiana. Akapewa mionzi. Uvimbe ukanywea, akarudi kwa mama yetu Iringa, na kwa miezi kadhaa alipanda mlima wa nyumbani bila kusimama. Sasa ameanza kusimama tena. Daktari alikuwa ametuambia kwamba uvimbe utarudi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Tulikuwa uani, mama yetu ameingia ndani kuandaa chai. Dada akaniuliza kwa sauti ndogo, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu.

"Mdogo wangu. Ungeusikia mapema, wangeweza kukata?"

Nilifikiria kumdanganya.

"Huenda wangeweza," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa alichokuwa anakijua. Nilisubiri aseme neno, hata la kunilaumu. Akaniomba nisogee kidogo, maana nilikuwa nimemzibia jua.