Kuvua Viatu na Kuvuliwa

Kuna siku naikumbuka kwa nyayo, mwanangu, kuliko kwa kichwa. Nilikuwa kijana, nimetoka kuchimba dhahabu upande wa Geita, na kiburi cha kujaza malori mawili. Mgodini kule, jina lake naliacha huko huko, kila jioni mlinzi alituamuru tuvue mabuti. Anayakung'uta, anagonga soli, anatuchungulia mpaka katikati ya vidole, eti tumeficha dhahabu. Miaka mitatu! Siku niliyoondoka niliapa kwamba hatatokea tena mtu wa kuniambia "vua viatu" nikavua. Hata kulala nililala navyo. Usicheke.

Nikaja Shinyanga mjini. Mzee Masanja, fundi umeme wa mtaa wa Kambarage, akanichukua nijifunze kazi. Wiki ya kwanza tu tukaitwa kufunga mapangaboi ya dari kwenye hekalu la Wahindu, sikukuu yao ikiwa karibu. Mlangoni tukamkuta mtunzaji wa hekalu, Mama Jayesh, mama mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa.

"Mwangaluka!" akatusalimu, Kisukuma safi kuliko changu. Kisha akanionyesha kibaraza. "Viatu hapo, baba."

Eh! Damu ikanipanda. "Mama, mimi si mwizi!" Nilifoka, nadhani hadi kule Ushetu walisikia. "Kama ni kunikagua, nikague navyo miguuni!"

Mzee Masanja, yeye alikwishavua vyake. "We kijana, unaingia kazini au unarudi shimoni. Chagua."

"Narudi shimoni!"

Na ningerudi kweli, kwenye shimo lile lile lililowahi kutitia mimi nikiwa nimetoka dakika ile ile kunywa maji.

Mama Jayesh hakukasirika. "Nani alikukagua, baba?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akainama, akavua kandambili zake, akaziweka kando ya mabuti yangu, na mimi bado nimo ndani yake.

"Tangu najua kutembea navua hapa, na hakuna anayenikagua. Vumbi la barabara nalibakiza nje, na ukubwa wangu nao. Tajiri mwenye kinu cha pamba anavua. Ile kengele unaiona? Watu wanasema tunamwamsha Mungu. Kwani Mungu analala? Naigonga niamke mimi, mawazo ya sokoni yaniache. Taa tunaizungusha mbele ya sanamu, halafu tunapitisha viganja juu ya moto na kugusa macho, mwanga ule uingie ndani. Chakula tunamtolea Yeye kwanza, kisha tunagawana, ili asiwepo wa kujidai amejilisha mwenyewe." Akayatazama mabuti yangu. "Lakini ukilazimishwa, hiyo si ibada. Ukitaka kwenda, nenda, baba. Heshima yako unayo."

Tangu Geita, ndiyo mara ya kwanza mtu kuniachia miguu yangu iwe yangu. Nikakaa chini, nikavua mwenyewe. Soksi zilinuka, mwanangu, njiwa wa paa zima wakahamia Buzwagi!

"Hizo nazo zibaki nje," Mama Jayesh akasema, ameziba pua. "Tena mbali!"

Tukacheka wote watatu, nikaingia. Nilifunga mapangaboi manne siku ile, na shimoni sikurudi.

Jumapili wenzangu wa kwaya ya kanisani wakanisimanga. "Umeivulia sanamu viatu! Tutakutenga!" Nikawaambia waandike jina langu kwenye orodha ya waliotengwa, kwa herufi kubwa, lisije likasahaulika. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na nitazikwa Mkristo. Lakini watu wakiwa wanaongea na Mungu wao, mimi siwapitii katikati na matope. Nilisema hivyo siku ile, nasema hivyo leo, na asiyependa anifuate nyumbani tubishane, chai ipo.

Basi shika hili, mwanangu. Mtu akitaka kukuvua utu wako, kataa. Kataa kwa sauti. Ila usikubali aliyekudhalilisha akufundishe kuwadharau wasiokukosea, maana hapo atakuwa amekushinda mara mbili. Ukiona mtu anagonga kengele au anazungusha moto, usianze kucheka. Muulize kitendo hicho kinamfanyia nini moyoni. Na heshima utakayotoa, itoe kwa mikono yako mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Mungu akupe shingo isiyopinda kwa woga na moyo usioona aibu kujifunza. Akulinde juu ya ardhi na chini yake, na kila nyumba utakayoiingia kwa adabu ikukaribishe kama mtoto wake. Amina.