Kabla ya Kumfungia Mbwa Mlango

Mwaka wa 1956, nikiwa na miaka kumi na saba, baba yangu alifariki, na shida ikanijua kwa jina. Baba alikuwa mtu wa reli hapa Nakuru. Chumba tulichokaa kilikuwa cha kazi yake, si chetu, kwa hivyo tukaambiwa tutoke. Mama akarudi kwao Kakamega na wadogo zangu. Mimi nikapanda lori tupu la viazi hadi Molo, na blanketi moja begani, nikaandikwa kibarua kwa mzungu mmoja aliyelima pareto na kufuga kondoo. Kazi yangu ilikuwa kupasua kuni na kuwasha moto wa nyumba ya kukaushia maua ya pareto. Shule niliishia darasa la tatu. Nasema mapema, usije ukaniuliza haya niliyasoma wapi. Sikuyasoma. Niliyaona.

Mwanangu, nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Juzi mjukuu wangu, kijana mwenye digrii, alikuja mjini na mbwa ndani ya gari. Akaegesha juani saa saba mchana, akapandisha vioo, akaingia hotelini kula kuku. Nilipomgombeza, mimi babu yake, akanijibu, "Guga, relax, nimeacha dirisha nafasi ya kidole." Nafasi ya kidole! Nikamwambia aingie yeye humo akae, anipungie hicho kidole. Akacheka. Hakujua kwamba niliwahi kuona mtu mzima akiingizwa mahali kama hapo, na kwamba hakutoka akicheka.

Basi sikiliza.

Kwenye shamba lile palikuwa na mchungaji wa kondoo, Mzee Koskei. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na la pili lilikuwa linafuata. Kilichomweka kazini ni mbwa wake, Tomi, mweusi mwenye kifua cheupe. Koskei akipiga mluzi, Tomi anazunguka kilima chote na kondoo wanashuka pamoja kama maji. Mzungu alikuwa amemwambia wazi: siku mbwa huyu akishindwa, mzee, na wewe unafunga virago. Na Koskei hakuwa na kwingine pa kwenda. Kibanda chake, kuku wake, kaburi la mke wake, vyote vilikuwa kwenye ardhi ya yule mzungu.

Ikafika siku ya Koskei kwenda hospitali Nakuru kutazamwa jicho. Tomi angebaki wapi? Mlango wa kibanda ulikuwa wa fito tu, na kumfunga nje hakukuwezekana. Kibanda kilikuwa kando ya msitu, na mwezi uliopita chui alikuwa amemchukua mbwa wa jirani akiwa amefungwa. Ilibaki mnyororo tu na damu kwenye majani. Mbwa aliye huru hukimbia au hupigana. Aliyefungwa umeshampakulia chui. Kumwachia Tomi azurure pia hakukufaa, kwa kuwa mzungu alipiga risasi mbwa yeyote aliyemkuta peke yake karibu na wana-kondoo.

Nyapara wetu, Wilson, akajitolea. Alikuwa mtu wa maneno matamu na kofia kubwa.

"Mzee, niachie mimi. Nitamweka mahali chui hafiki."

"Mahali gani?" Koskei akauliza.

"Mahali pazuri. Pana joto. Hata wewe ungelala. Nenda, lori litakuacha."

Koskei akaenda. Angefanya nini? Huyo alikuwa nyapara.

Mchana wake mvua ya mawe ikatushukia bila kubisha hodi. Siku hizo jua lilikuwa zuri na maua tulikuwa tunayaanika nje juu ya magunia, kwa hivyo nyumba ya kukaushia ilikuwa imekaa bila moto karibu wiki. Mzungu akapita na gari lake, akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele moto uwashwe, maua yasioze. Nikawasha. Tanuri lilikuwa nyuma ya ukuta, na joto lake lilipita chini ya sakafu ya vyumba viwili. Kimoja wanawake walikuwa wanakijaza trei za maua. Cha pili kilikuwa tupu na kimefungwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao Wilson, na Wilson alikuwa ameenda shamba la jirani kunywa busaa.

Nilikuwa nimeshasukuma kuni za kutosha niliposikia Nekesa ananiita. Huyo alikuwa mchumaji pareto, mwanamke wa kwetu, mdomo wake hauna breki.

"Wewe wa moto! Njoo usikie. Kuna kitu ukutani."

"Ni panya," mwenzake akasema.

"Panya gani anakohoa?"

Nikaweka sikio kwenye ule mlango wa kufuli. Kucha zilikuwa zinakwaruza mbao, polepole, kama mtu aliyechoka kuomba. Nikaita, "Tomi?" Kukwaruza kukakazana, halafu kukaisha.

Nikakimbia nikazitoa kuni kwenye tanuri, lakini sakafu ikishashika moto haipoi kwa sababu wewe umejuta. Wanawake wakaanza kubishana. Mmoja akasema tumtafute Wilson. Mwingine akasema kufuli ni ya mzungu, ukiivunja ni polisi. Nekesa akanitazama.

"Ukivunja, utafukuzwa wewe. Usipovunja, atafukuzwa Koskei, na mbwa atakuwa amekufa. Chagua haraka, huyo hana muda."

Nikaipiga kufuli kwa shoka.

Mwanangu, joto lililotoka mle lilinisukuma uso. Tomi alikuwa amelala na pua kwenye upenyo wa chini ya mlango, ulimi umegeuka rangi ya maini, macho yako wazi lakini hayatazami. Nyuma yake palikuwa na gunia limetandikwa vizuri, na bakuli la maziwa lililokauka hadi likashika utando. Hapo ndipo hasira iliponipanda, na haijashuka hadi leo. Kwa sababu Wilson hakuwa mkatili. Alitandika! Alimwaga maziwa! Kitu ambacho hakufanya ni kufikiri.

Tukambeba hadi chini ya paa. Nekesa akalowesha magunia, akamfunika tumbo na nyayo, na akawa anamtia maji mdomoni kwa kiganja, kidogo kidogo, huku anamtukana Wilson kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, lugha moja haikumtosha. Nyayo za Tomi zilikuwa zimebabuka. Kufikia jioni akainua kichwa.

Wilson akarudi ananuka pombe. "Nani amevunja kufuli ya bwana?"

"Uliza kwanza nani amechoma mbwa wa watu," Nekesa akamrudishia.

"Kuchoma gani? Nilimpa maziwa! Nilimtandikia gunia! Hata mimi kwangu sina kitanda kama hicho! Ningejuaje mvua itanyesha?"

Ningejuaje. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote, kutoka kwa watu waliovaa kofia na watu wenye digrii. Ukishamfungia mnyama mlango, kujua ni kazi yako. Yeye hana namna ya kujua kwa niaba yako.

Kesho yake Koskei akashuka kwenye lori, jicho limefungwa kitambaa. Tomi akamwendea akichechemea. Mzee akampapasa kichwa, akafika kwenye nyayo, mkono ukasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ni wapi?" Tukamwonyesha. Moto ulikuwa unawaka tena, chumba hakijajazwa bado.

"Wilson," akasema, "ingia."

"Ya nini, mzee?"

"Pana joto. Chui hafiki. Nitakuletea maziwa."

Wanawake wote walikuwa wanatazama. Wilson akacheka, akavua kofia, akaingia kwa madaha ili asionekane mwoga. Koskei akavuta mlango, akapitisha kijiti cha kuni mahali pa kufuli, akaketi juu ya gunia, akamwomba Nekesa chai. Akawa anaipuliza. Anakunywa. Anaipuliza tena. Kikombe hakijafika nusu, mlango ukaanza kupigwa ngumi.

"Mzee! Fungua! Mzee, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Jana pia nawe ulijua ni Tomi."

Akafungua. Wilson akatoka ameloa jasho kama aliyevuka mto, akashika nguzo ya paa, anahema. Koskei akamshika mkono, akamgeuza ili auone ule mlango kwa ndani, jinsi mbao zilivyochubuka.

"Wewe una mdomo wa kuniita," akamwambia. "Yeye alikuwa na kucha. Mimi ningesikia kucha nikiwa Nakuru?"

Wilson akavaa kofia yake, akashika njia. Wala hakumwambia mzungu habari ya kufuli, maana angelazimika kueleza na hiyo nyingine. Tomi alipumzishwa, na wakati huo mimi na wengine tukapokezana kuwakusanya kondoo alfajiri kabla ya kazi zetu, mzungu asishtuke. Nyayo zikapona, na Koskei hakufukuzwa.

Sasa nakupa maneno yangu, uyachukue. Sikatazi kumwacha mbwa peke yake. Watu wana kazi. Mwache nyumbani kwake anapopajua, bila mnyororo, ndani ya ua uliofungwa, penye kivuli ambacho saa tisa kitakuwa bado ni kivuli, na maji kwenye chombo kizito asichoweza kupindua. Na awepo mtu mwingine anayejua mbwa yupo wapi na mwenye ufunguo. Garini, hapana. Usiniambie unarudi sasa hivi. Nimewaona madereva wa malori kwenye kituo cha Salgaa wakisema sasa hivi na kumaliza ugali sahani mbili. Stoo ya mabati, hapana. Chumba chenye jiko, mbolea au dawa ya panya, hapana. Kumfunga mnyororo na wewe uende Naivasha kustarehe, hapana, hata kama chui wamekwisha. Wezi hawajaisha, na mbwa wakali wa watu wengine hawajaisha.

Na kama huna hakika, ingia wewe kwanza. Funga mlango. Kaa saa ileile ya mchana, kwa muda uleule unaotaka kumwacha. Ukiona haya kufanya hivyo kwa sababu watu watakucheka, basi usimweke humo.

Mungu akupe mali, mwanangu, na akupe akili ya kuichunga mali yenye pumzi. Nyumba yako isikose anayekuja mbio ukirudi.

Mimi nilianza na blanketi. Leo nina ekari sita za viazi Molo, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya kupangisha mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, lori moja kuukuu lakini linawaka, watoto saba wote wamesoma kunishinda, na mbwa wawili, ambao wamelala barazani sasa hivi, mlango wazi.