Mpiga Kengele Asiyetaka Kumlilia Mwanawe

Saa tisa alasiri ya Ijumaa Kuu, Hermelinda Tzoc anapanda mnara wa kanisa la Santa Rufina, milimani Guatemala. Mkononi ana matraka, kibao chenye nyundo za mbao. Ngazi ni sabini na nne, naye hupumzika mara tatu, maana ana miaka sitini na mitatu na goti la kushoto halimtii tena.

Tangu jana kengele mbili za mnara zimefungwa kamba. Hazitalia mpaka kesho jioni, Gloria, wimbo wa utukufu, itakapoimbwa kwenye mkesha wa Pasaka. Anazungusha matraka, kra-kra-kra, na chini watu wanatoka majumbani bila kusemezana.

Kisha anaiweka matraka chini. Hewa imetulia, hata jani halitikisiki. Hapo kengele ndogo inaanza kuvuma yenyewe.

Mwandishi wa simulizi hii aliisikia. Aliweka kiganja kwenye shaba akakuta inatetemeka, tena ina joto, na hana budi kukiri kwamba alitamani kushuka.

"Usiogope, mwanangu," Hermelinda alimwambia. "Mwaka wa saba huu. Kila Ijumaa Kuu inavuma hivyo mpaka Gloria."

Ni miaka saba tangu mwanawe wa pekee, Anselmo, alipokwenda kaskazini kutafuta kibarua. Alipiga simu mara moja, akiwa jangwani, akasema maji yanatosha. Tangu hapo kimya.

Kila alfajiri Hermelinda humuuliza Mungu kama mwanawe yu hai au amekufa. Hajajibiwa. Majirani humwambia subira yavuta heri, naye hucheka.

"Ya kwangu imevuta goti tu," anasema. "Lakini sijamwacha Mungu. Nikimwacha nitamuuliza nani?"

Kazi yake humpa debe moja la mahindi kwa mwaka kutoka kila nyumba, na nyumba ni thelathini na moja. Kwa mahindi hayo anaishi na mkwe wake, Nicolasa. Wanapatana kwa kila jambo isipokuwa moja: Hermelinda amekataa kumpigia Anselmo kengele ya msiba.

"Siku ya Wafu naweka maua ya kila mtu, ya mume wangu siwezi," anasema Nicolasa. "Mke si mke, mjane si mjane. Namwambia, mama, mpigie, tulie yaishe."

Anayemzuia Hermelinda ni Mzee Filiberto, muuza kuni. Mwaka mlima ulipoporomoka, baba yake Hermelinda, aliyekuwa mpiga kengele, alimpigia Filiberto, aliyedhaniwa amefukiwa, kengele kubwa ya msiba. Siku ya tisa, watu wakiwa kwenye sala za matanga, marehemu akaingia na matope hadi kiunoni, akaomba kahawa. Tangu siku hiyo kengele kubwa imekufa sauti. Ukiigonga inalia kama sufuria.

"Hujambo, marehemu?" Hermelinda humtania wakikutana.

"Sijambo, binti wa muuaji wangu," hujibu mzee.

Akiachana naye hacheki tena. "Baba hakungoja Mungu aseme, akamsemea," anasema. "Imebaki kengele moja. Nikimpigia mwanangu naye yu hai, je?"

Jumatano, akiwa amechoshwa na vilio vya Nicolasa, alimkabidhi kamba ya kengele ndogo. "Wewe ndiye mkewe. Vuta."

Nicolasa aliishika mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuvuta. Jana ndiye aliyefunga fundo, na leo amepanda mnarani, ameegemeza shavu kwenye kengele ndogo.

"Inasemaje?" mama mkwe anamuuliza.

"Haisemi kitu, mama. Inavuma tu."

"Basi haijasema amekufa."

Hermelinda ana mpango wa kumfundisha kazi hii kabla goti halijamwangusha. "Nikifa, anipigie mimi. Anselmo amwache mpaka Mungu aseme. Akirudi, akute kengele ina sauti."

Ghafla mvumo unakatika. Nicolasa anarudi nyuma, kiganja kifuani.

"Mama, imenyamaza!"

Hermelinda anaigusa shaba. Imepoa. Kisha anakagua fundo la mkwe wake, analikaza, na kuokota matraka.

"Imenyamaza, haijasema," anamjibu. "Kesho uwahi. Gloria ikianza, utavuta wewe."