Nilivyopimwa kwa Kamba Nikiwa Hai

Nikiri mapema, msije mkasikia kwa wengine (ingawa wengi wenu mmeshaona kwenye simu): yule kijana anayesimama ziwani, maji yakimfika kifuani tu, huku ufuo mzima wa mji wetu wa Baraka ukipiga kelele na kumcheka, ni mimi. Na yule mama aliyetolewa majini na wavuvi bila kikwembe kiunoni ni mama yangu mzazi. Tangu siku ile naitwa Kipimo. Nikipita sokoni wauza ndagala, yaani dagaa, wananiita, "Kipimo, leo uko na mita ngapi?" nami nacheka, kwa sababu mtu aliyejitafutia aibu mwenyewe hana haki ya kununa. Nimejiuliza mara nyingi jambo lenyewe lilianzia wapi, maana kuuliza ndiyo kazi yangu, nimesoma sosiolojia Bukavu miaka mitano na karibu kitu pekee nilichorudi nacho ni maswali, na jibu linaniudhi kwa udogo wake: lilianza kwa kulala sakafuni dakika moja.

Kulikuwa na mzungu mmoja wa mambo ya misaada aliyekuja hapa na ubao wa kupandia mawimbi juu ya gari lake, ubao mrefu karibu mita tatu, mwepesi hata mtoto angeubeba. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Mkataba wake ulipokwisha akaniachia ule ubao, nafikiri kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyewahi kumuuliza unafaa nini. Ziwa letu si bahari, mawimbi yake ni mafupi na yanafuatana mbiombio kama watu wanaogombania mlango, lakini upepo ukitoka upande wa Uvira ukaingia ghubani moja kwa moja, unapata saa mbili tatu za kucheza. Ule mrefu ulikuwa na huruma. Unalala juu yake, unapiga maji mara mbili kwa mikono, wimbi linakubeba, unasimama taratibu kama mtu anayeinuka kwenye kiti, halafu unakwenda mpaka mchangani. Hata kama huna akili unafika.

Mama alinikubalia, na kwa mama yangu hilo halikuwa jambo dogo. Watu wote wanamwita Mama Alimasi, kwa jina la kaka yangu mkubwa, na Alimasi alikufa ziwani miaka sita iliyopita, akitoka Ubwari na mtumbwi uliolemewa na upepo. Mwili haukuonekana. Baada ya siku tisa wazee wa ukoo wakaamua azikwe hivyohivyo, kipande cha mgomba kikalazwa ndani ya sanduku mahali pake. (Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikauliza kwa sauti mbele ya watu, "Sasa tunazika nini?" Baba mdogo akanipiga kofi ambalo bado nalisikia.) Tangu hapo mama hakukanyaga ufuoni tena. Anauza ndagala sokoni, lakini kuzipokea kwenye mitumbwi anatuma mtu.

Siku nilipoleta ule ubao nyumbani aliuzunguka, akaupiga kwa ngumi, akaukalia. Akalala juu yake kabisa, pale uani, na kikwembe chake cha kazi.

"Iko murefu kama kitanda," akasema. "Mutu akichoka analala juu, maji haimuguse. Kama ni hii, enda. Lakini siku nitakuona na ingine, usiniite mama."

"Ni hii tu, mama."

Nilisema hivyo, na nilimaanisha, kwa muda wa karibu mwaka mmoja.

Aliyeniharibu ni simu, na rafiki yangu Asukulu mwenye simu hiyo. Alikuwa akinionyesha video za vijana wa nchi za mbali wakipanda mawimbi kwa vibao vifupi vyenye ncha, wanakata kulia, wanageuka, wanaruka hewani, wanarudi, na mimi na mrefu wangu tulijua njia moja tu, ya kwenda mbele.

"Angalia," Asukulu akaniambia, "bale bako banageuka. We unasimama tu mustari moja, kama diakre anakusanya matoleo."

Diakre, yaani shemasi! Mimi ambaye sijaingia kanisani tangu kofi lile! Lile neno liliniingia vibaya. Nikaanza kuuona ule ubao mrefu kuwa ubao wa watu watiifu, wimbi likisema twende unakwenda, nami maisha yangu yote nimejivunia kwamba siendi mahali bila kuuliza. (Swali moja sikuuliza: je, mawimbi ya wale vijana ni sawa na mawimbi yetu? Mtu aliyesoma sosiolojia miaka mitano.) Nikaubeba ule mrefu kichwani nikaenda kwa Papa Lubunga.

Papa Lubunga ni seremala. Anachonga mitumbwi, vitanda, milango, na masanduku ya maiti, na kwa mji kama wetu hilo la mwisho ndilo linalomfanya afahamike. Nikamweleza: nataka ubao mfupi, wenye ncha, wa mti mwepesi, na badala ya malipo abaki na huu mrefu, ambao alikuwa ameutamani zamani kwa kuufanya benchi.

"Urefu gani?" akauliza.

"Urefu wangu, na kiganja kimoja juu." Hivyo ndivyo walivyosema kwenye video.

Akanitazama. "Ya kulalia ao ya kusimamia?"

"Ya kusimamia."

"We ni wa kwanza kuniomba ile." Akachukua kamba.

"Papa Lubunga, si utumie mita?"

"Mita ni ya bitanda na milango. Muntu anapimwa na kamba." Akaonyesha ukutani, kwenye msumari ambako zinaning'inia kamba zake za zamani, kila moja na fundo lake. "Ao nitumie ile yako? Iko pale."

Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo watu watatu tu walilijua. Sanduku la Alimasi lilipotakiwa, hapakuwa na mwili wa kupima, na mimi na kaka yangu tulikuwa na kimo kimoja, suruali zetu tulibadilishana. Baba mdogo akanileta kwa siri kwa Papa Lubunga, nikalazwa chini, nikapimwa mimi. Kwetu mtu aliye hai hapimwi kwa ile kamba, ni kuyaita mauti kwa jina, kwa hiyo tukakatazwa kumwambia mama. Akaambiwa seremala alikuwa anakumbuka urefu wa Alimasi kwa macho, akaufunga kwenye kamba.

Basi ningeweza kusema, ndiyo Papa, tumia ile. Ningekwenda zangu. Lakini nilijiona ninajaribiwa, nikasema kamba ni kamba tu, tena nimekua tangu wakati ule, nikalala kwenye sakafu ya vumbi la mbao, miguu pamoja, mikono kifuani. Papa Lubunga akavuta kamba kutoka kisigino mpaka utosini, akafunga fundo. Halafu akaitoa ile ya zamani akazilinganisha. Fundo kwa fundo.

"Haukukua hata kidole," akasema, akazitundika zote mbili.

Nilipoinuka nikamwona Tantine Feza, rafiki wa mama, amesimama barabarani na beseni yake kichwani, mdomo wazi. Nikamsalimia. Akageuka, akaondoka upesi.

Juma moja baadaye ubao ulikuwa tayari. (Mama nilimwambia mrefu uko kwa fundi unatengenezwa. Uongo mwepesi, uliteleza wenyewe.) Papa Lubunga ni fundi kweli, ila mikono ya mtu ina mazoea yake: mpana mabegani, mwembamba miguuni, umepigwa rangi nyeupe, na mstari mmoja katikati. Aliniuliza kama aweke vishikio vya kubebea, nikakataa. Nilipoupitisha mjini kichwani, mzee mmoja alivua kofia. Nikaona ni ujinga wa watu. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu: Jumapili, baada ya misa na ibada zenu, njooni ufuoni muone mtu anavyogeuka.

Walikuja, jamani. Upepo nao ulikuja, kutoka Uvira moja kwa moja. Wavuvi wamevuta mitumbwi juu, akina mama na watoto wamekaa mchangani na nguo za kanisani, Asukulu ameshika simu juu. Nikaingia kwa madaha.

Ubao wa mti, hata uwe mwepesi, ukiwa mfupi na mtu wa kilo zangu juu yake, haukai juu ya maji. Unakaa chini ya maji. Nilikuwa napiga mikono na kifua changu kimezama, wimbi likaja likanipita kama gari lisilochukua abiria. La pili likanipita. La tatu nikalishika, nikafanikiwa kuinuka mpaka magotini, na palepale ncha ikachimba maji.

"Amepiga magoti!" mtu akapiga kelele. "Leo Lisansiye ameomba!"

"Kumbe iko Mungu!"

Ufuo wote ukacheka. Lisansiye, yaani mwenye digrii, ndilo lililokuwa jina langu kabla ya Kipimo. La nne liliniangusha kwa mgongo. La tano, ubao ulinirudia ukanipiga juu ya jicho, damu kidogo. "Lisansiye, mubao yako imeenda kuoga, ingoje!" Nami kwa kiburi nikakataa kutoka. Nikasema nitapumzika kidogo kama nilivyozoea kwenye ule mrefu, nipate pumzi, nijaribu tena. Nikalala chali juu ya ubao, miguu pamoja, mikono kifuani. Ubao ukazama kiganja kimoja chini yangu, kwa hiyo aliyeko ufuoni haoni ubao. Anaona mtu tu, damu usoni, mikono kifuani, anaelea.

Tantine Feza alikuwa amekaa na maneno yake siku zote zile, anaogopa kuyatoa. Jumapili hiyo, wakitoka kanisani, yakamshinda. Akamwambia mama: nilimuona kijana wako amelala kwa Papa Lubunga, anapimwa na kamba. Mama akauliza niko wapi sasa. Mtu akamwambia ziwani.

Nilisikia kwanza kicheko kimekatika. Halafu sauti za wanawake, "Mama Alimasi! Mama Alimasi, rudi!" na kwa sekunde moja, kwa sababu ya lile jina, nilifikiri wanamlilia kaka yangu. Nikainua kichwa. Mama alikuwa ndani ya maji na nguo zake za kanisani, maji kiunoni, tumboni, anakuja kwangu moja kwa moja bila kujua kuogelea, na hapiti kwenye fungu la mchanga nilipo mimi, anapita kando, mahali ambapo chini hakuna kitu.

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama tu. Maji yalinifika kifuani. Watu wakaniona, na wengine wakaanza kucheka tena, ndicho kicheko mnachokisikia kwenye video, na wakati wanacheka mama akatumbukia.

Wavuvi wawili walimfikia kabla yangu. Walimtoa anatapika maji, kikwembe kimebaki ziwani, kilemba kimebaki ziwani, mbele ya kanisa zima na wateja wake wote. Tantine Feza alivua kitambaa chake cha juu akamfunika. Hakuna aliyecheka tena, lakini Asukulu, mjinga yule, alikuwa bado ameshika simu juu, na video ilifika Uvira kabla sisi hatujafika nyumbani.

Nilipiga magoti mchangani, mara ya pili siku hiyo. Mama aliniangalia, akaangalia maji, akapima kwa macho mahali nilipokuwa.

"Kumbe ulikuwa unaweza kusimama," akasema.

Akainuka, akatangulia nyumbani amejifunga kitambaa cha Tantine Feza. 

Jumatatu asubuhi akavaa, akaniambia nimfuate kwa Papa Lubunga. Ule ubao wangu mrefu ulikuwa umeshawekewa miguu, uko mbele ya karakana, na familia moja iliyofiwa ilikuwa imeukalia ikingoja sanduku. Wakampisha nafasi. Mama akakaa juu yake, akaupapasa, akautambua. Hakuuliza uongo wangu ulikuwa wa siku ngapi.

"Papa Lubunga, nipe kamba ya mutoto wangu."

"Ya yupi, mama?"

Mama akanielekezea kidevu.

"Ya ule bado anapumua."

Seremala akazitoa zote mbili, kwa sababu zilikuwa zimesokotana, akampa moja. Mama akalifungua fundo kwa meno. Lilikuwa gumu, mimi nikanyoosha mkono kumsaidia akausukuma. Lilipofunguka akamrudishia kamba na kumwambia, "Fungia mbuzi." Ndipo akaiomba ile nyingine, ile ya zamani, akailaza mapajani, akainyoosha kwa kiganja toka mwanzo mpaka kwenye fundo, polepole, jinsi anavyopanguza mgongo wa mtu mgonjwa.

"Hii musiguse," akasema. "Ya mwili wake imebakia hii tu."

Papa Lubunga akanitazama mimi. Mimi nikamtazama yeye.

Ule mfupi sasa ni mlango wa banda la kuku, na nimeapa sitaupanda tena wala wowote utakaochongwa kwa kimo changu. Ila kiapo changu kikubwa si hicho. Nimezoea kusema kila ninachokijua mbele ya kila mtu, na kujiita mkweli. Asubuhi ile nilikuwa na jambo la kweli kabisa mdomoni, tena la maneno matano: hiyo nayo ni yangu, mama. Nikalimeza, na nimeapa halitamfikia; nanyi msimpelekee. Akaikunja ile kamba akaitia kifuani ndani ya blauzi, tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na urefu wangu wote ukiwa pale.