Siku Tuliyowashusha Abiria Darajani

Mpaka leo nikipita mtaa wa Makanyagio nikamwona kuku aliyefungwa miguu, natazama pembeni. Lakini kwa kuwa nyie ni wa nyumbani, wacha niimwage aibu yangu yote, mcheke mmalize.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa karani wa mjomba, ambaye alikuwa na lori moja tu la kubeba mpunga kutoka Kibaoni. Tukaambiwa mkaguzi wa bima anakuja kwa treni kutoka Tabora, na asiporidhika hatuongezewi bima, na bila bima lori halitoki uani, maana yake mjomba hana kazi na mimi sina pa kwenda. Nikajiandaa kama mtu anayempokea askofu: leseni ya dereva mezani, risiti za matengenezo kwenye faili, kizimamoto kipya, breki zimekazwa, hata ua nikaufagia mwenyewe.

Tatizo likawa abiria. Bima yetu ilikuwa ya mzigo peke yake, na zama zile (mnakumbuka) nani alitoka Kibaoni bila kukaa juu ya magunia, upepo unampiga usoni, watu wanaimba kiasi kwamba mjini tunajua lori linakuja kabla hatujasikia injini? Basi nikamwagiza dereva wetu, Kasiani: "Ukifika darajani kabla ya mji, washushe wote watembee. Uingie na magunia tu."

"Karani, wewe kweli umesoma," akasema, nami nikavimba kichwa.

Nilichosahau ni desturi yetu wenyewe: abiria wa lori hashuki na mzigo wake, anauacha juu, kisha anaufuata uani kwa mjomba.

Mkaguzi alifika asubuhi; mchana lori likaingia kimya, halina mtu. Mkaguzi, mzee mpole mwenye miwani, akapiga honi, akakanyaga breki, akapapasa matairi, uso umemkunjuka. Halafu akasema, "Fungueni turubai nione mnavyofunga mzigo." Kasiani akanitazama, nikatazama mbingu. Turubai likafunuliwa: magunia, na juu yake kuku waliofungwa miguu, godoro, baiskeli, na kapu kubwa la ukindu.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu," nikasema (ulimi hauna mfupa).

Akachungulia kapuni. Vitenge, sidiria, na nepi za mtoto zilizokunjwa vizuri.

"Vya mke wangu," nikaongeza, na mjomba, ambaye mwaka mzima alikuwa ananihangaikia mchumba, akageukia ukutani.

Hapo ndipo geti likafunguka. Wakaingia wote, vumbi mpaka kwenye kope, mbele yao Mama Milembe, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe, mjukuu mgongoni.

"Karani! Tumekukosea nini mpaka utumwage darajani kama mchanga? Na kapu langu mnalipekua la nini?"

"Mama," mkaguzi akauliza taratibu, "huyu ni mumeo?"

Ua mzima ukalipuka. Mama Milembe akanipima juu mpaka chini. "Huyu? Huyu hata kuku anamtoroka, mke atamweza?"

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani, nikadhani tumepona. Kisha akaivaa tena. "Ungeniambia asubuhi kwamba mnabeba watu, tungekaa tukatafuta namna. Sasa hata kizimamoto chako nakitilia shaka."

Lori lilikaa uani msimu mzima wa mavuno. Mjomba hakunigombeza, alisema tu, "Umeosha gari lote, mjomba, ukasahau mdomo."

Bima ilikuja kurudi, kwa sharti moja: mzigo tu, asionekane mtu juu. Siku hizi nina malori yangu, na mkaguzi akija naanza kumwonyesha kasoro, ndipo nimwonyeshe vinavyong'aa. Hilo nimejifunza, na sitamshusha mtu darajani tena. Lakini lori la mjomba, tangu siku ile mpaka lilipouzwa, liliingia mjini kimya, tukilijua kwa injini tu.