Habari za Njia

Shirika lilipouzwa nami nikapewa barua ya kupunguzwa kazi, nilirudi kwa mama mkubwa, katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ilongero. Nilikuwa mpiga chapa. Mashine niliiacha ofisini lakini kichwani iliendelea, ta-ta-ta, ikiichapa barua ileile. Usingizi ulinikimbia. Nasema kweli, niliogopa kuwa wazimu unaninyemelea.

Mama mkubwa alikuwa na mguu mbovu, hatoki uani. Kila siku ya mnada alinituma sokoni Ilongero kununua chumvi na sabuni. Nikirudi, hata kikapu sijatua:

“Habari za njia?”

“Nzuri.”

“Nzuri ndiyo nini? Umeona nini huko?”

Jamani, yule mama! Watu tumeachishwa kazi, yeye anataka habari za vichaka. Siku moja, ili aniache, nikamtungia: uwele wa jirani bondeni umekomaa, ndege wanaumaliza.

Alicheka mpaka akashika mbavu. “Uwele upi? Mwaka huu kapanda alizeti tupu, maana wenye mashine za kukamua mafuta wanamfuata mpaka nyumbani. Shamba zima la njano, unapita katikati yake, hulioni! Mwanangu, ulikuwa wapi?”

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mnada uliofuata nikatoka kwa hasira: leo nitamletea habari mpaka azikinai. Nikasimama kwenye alizeti, nyuki wamejaa, wanavuma. Juu ya jabali mjusi mwenye kichwa chekundu alikuwa anapiga pushapu, nikacheka peke yangu. Mama mmoja alianika mlenda juu ya mwamba. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, tukaongea mpaka akaniuliza kama sina kwetu. Nilipofika uani ndipo nikashtuka. Tangu asubuhi ile barua sikuikumbuka hata mara moja.

Nikamweleza mama mkubwa yote. Alifumba macho, akawa ananikatiza: nyuki wakubwa au wadogo? Mlenda mbichi? Alikuwa anatembea nami, hatua kwa hatua, na mguu wake ule. Sijaona msafiri kama yule.

Kesho yake niliamka jua liko utosini. Mama mkubwa, mwanamke asiyevumilia mtu alale kukishapambazuka, alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, anawafukuza kuku wasije wakaniamsha.